Mkubwa Wangu Aliyepiga Magoti

Alhamisi, tarehe 6 Machi 2014, asubuhi, nilikuwa ofisini kwangu Kasese nikiandika hotuba. Siku ya Wanawake ilikuwa Jumamosi, na chama chetu cha ushirika cha kahawa kilikuwa kimeniomba nizungumze na wanawake wakulima juu ya nafasi ya mwanamke katika uongozi wa kazi, hapa kwetu na duniani kote. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumwomba. Nilikuwa naibu meneja, mwanamke pekee katika jengo lile ambaye mlango wake ulikuwa na kibao, na tangu meneja mkuu wa zamani alipostaafu nilikuwa nimekaimu nafasi yake kwa muda mrefu kiasi kwamba madereva walikwisha kuacha kutumia neno kaimu.

Nilikuwa nimefika kwenye sehemu niliyoipenda. Miaka michache nyuma nilipelekwa Nairobi kwenye semina ya wanawake wasimamizi wa kazi, nikakaa meza moja na mwanamke kutoka nchi za baridi kali za Ulaya, mwingine kutoka India, na wa tatu kutoka Afrika Magharibi ambaye alikuwa akisimamia shughuli za bandari. Tulipoanza kulinganisha mambo tulicheka hata mtoa mada akanyamaza kutusubiri. Kila mmoja wetu alikuwa, au aliwahi kuwa, naibu wa mwanamume aliyefundishwa kazi na huyo huyo naibu wake. Yule wa Ulaya alisema kwao wametunga sheria ya kuwaingiza wanawake kwenye bodi, lakini kikao kikishakwisha, anayebaki na funguo za ofisi bado ni mwanamume. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyaandika: kwamba popote utakapokwenda, wanawake ni wengi chini na hupungua kadiri unavyopanda, na kwamba jambo hilo halina uhusiano na elimu yao.

Mwenyekiti wa bodi aliingia bila kubisha hodi, kama kawaida yake. Ni mkulima wa Bwera, mzee wa kanisa, mwenye shamba kubwa upande wa mlimani na nyumba karibu na mpaka. Kiswahili chake ni kile cha Mpondwe, ambacho nusu yake imevuka kutoka Kongo.

"Mama, leo nakuletea habari ya furaha," alisema. "Kilio yenu tumeisikia. Bodi imekaa jana. Tumeweka mwanamuke."

Nilifunika kalamu kwanza, polepole, kwa sababu mtu anayepokea kazi kubwa hapaswi kuonekana ana haraka. Kisha nikasimama.

"Asante sana, mzee."

"Ule mutoto wa Bwesumbu," akasema. "Ule wa kuonja kahawa. Iko na adabu sana."

Sikuketi. Nilibaki nimesimama na asante yangu, nayo haikuwa na mahali pa kurudi. Mwenyekiti aliniangalia kwa wema wa kweli. Nadhani aliamini kwamba amenifurahisha. Nani kama mimi aliyekuwa ameandika barua kwa bodi, mwaka baada ya mwaka, akidai mwanamke awekwe juu? Wanunuzi wa kahawa wa ng'ambo nao walikuwa wameanza kuuliza swali hilohilo. Bodi ilikuwa imetekeleza ombi langu neno kwa neno. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba mwanamke maana yake ni mimi.

Huyo binti wa Bwesumbu nilimfahamu vizuri, kwa kuwa nilikuwa kwenye jopo lililomwajiri. Alikuwa hajatimiza miaka thelathini na mitano. Baba yake alilima kahawa na mihogo kwenye miteremko ya Rwenzori, naye alisoma kilimo Kampala, kisha akapelekwa nje kujifunza kuonja. Angeweza kunywa kijiko kimoja cha kahawa, akatema, na kukuambia ilikaushwa kwenye mkeka au kwenye udongo mtupu. Alikuwa mpole na mchapakazi, na kabla ya asubuhi ile nilikuwa nikimsifia kwa wageni. Kuanzia asubuhi ile nilianza kumchunguza kama mke mkubwa anavyomchunguza mke mwenza. Nilitazama viatu vyake. Nilisikiliza jinsi anavyocheka kwenye simu, nikauliza moyoni anacheka na mjumbe gani wa bodi. Nilimwona akila ndizi ya kuchoma dirishani na nikachukia namna alivyokunja gazeti aliloifungia.

Jumamosi nilisoma hotuba yangu. Wanawake walikuja kutoka Bwesumbu, Bwera, hata Hamukungu ambako hakuna kahawa bali samaki tu. Walikuja kwa sababu ilikuwa sikukuu na chakula kilikuwepo. Meneja mkuu mpya aliketi safu ya mbele akiwa amevaa gomesi, vazi letu la sikukuu, la rangi ya zambarau. Nilipofika mahali pa kusema kwamba hata hapa kwetu ngazi imeanza kufunguka, umati mzima uligeuka kumtazama na kumpigia vigelegele. Nilisubiri vigelegele viishe. Vilichukua muda. Nilitabasamu na karatasi yangu mkononi kama mpambe wa bibi harusi.

Baadaye, kwenye foleni ya pilau, tajiri mmoja wa malori wa Kasese, hajji aliyebeba kahawa yetu miaka mingi na mwenye ulimi usiopumzika, alinisogelea na sahani yake.

"Mama naibu, hotuba ilikuwa nzuri sana. Wewe umechonga barabara, umetoa mawe, umejaza mashimo. Halafu lori imepita ya mwingine."

"Hajji, kula chakula chako."

"Nakula, nakula. Lakini hata mimi nikichonga barabara, nalipisha ushuru!"

Aliondoka akicheka. Nami nilicheka, kwa kuwa watu walikuwa wakitutazama.

Jumatatu iliyofuata meneja mkuu mpya alikuja ofisini kwangu. Yapasa nieleze desturi yetu. Kwetu mwanamke hupiga magoti anapowasalimu waliomzidi umri. Mama yangu alipiga magoti, na shangazi zangu wote. Mimi niliacha nilipoingia chuo kikuu, na niliporudi na shahada baba yangu alinung'unika msimu mzima, kisha akazoea. Kazini sikumpigia mtu yeyote magoti. Nilisalimia kwa mkono, nikiwa wima, na niliwahimiza wasichana wote wa ofisi wafanye vivyo hivyo. Wengine walinifuata. Yeye hakunifuata, na kwa miaka ile nililiona jambo hilo kuwa dosari ndogo ya mtu aliyekulia mlimani.

Basi aliingia, akafunga mlango, akakusanya sketi yake, akapiga magoti mbele ya meza yangu.

"Umeamkaje, mama?"

"Simama," nilimwambia. "Wewe sasa ni mkubwa wangu."

"Mkubwa wa kazi tu, mama. Wa miaka ni wewe."

"Kuna watu nje. Watakuona."

"Wameniona kila siku." Akasimama, akapangusa magoti. "Nimekuja kukuomba usiondoke. Nimesikia wanasema utaondoka."

Nilimjibu kwamba sina mpango wa kuondoka, na hilo lilikuwa kweli, kwa kuwa mtu mwenye wivu haondoki. Anataka kuwepo ili aone. Kama angeingia kwa kiburi, ningekuwa na kitu cha kushika. Alikuwa amechukua kiti changu, kisha akaja kuniheshimu, na heshima yake ilikuwa ya kweli, ndiyo maana sikuweza kuivumilia. Jioni hiyo nilijiambia kwamba nimeelewa sababu ya bodi kumchagua. Walitaka mwanamke ambaye wageni watamwona akiwa juu, na ambaye wao watamwona akiwa chini. Niliufurahia sana ufafanuzi huo. Nililala nao kama blanketi.

Mwishoni mwa Machi tulikwenda pamoja Bwera. Msimu mdogo ulikuwa umeanza, na wakulima walikuwa wakileta kahawa kwenye ghala letu lililo kando ya barabara ya Mpondwe. Ilikuwa Ijumaa, siku ya soko la mpakani, na malori yalikuwa yamejipanga hadi karibu na lango letu. Tulikuta wapagazi wamekwisha kushusha magunia ya mwenyekiti mwenyewe. Yeye alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kivulini, akisubiri yapimwe.

Meneja mkuu alipiga magoti kwenye saruji, akamsalimu kwa Lukonzo, lugha ya mlimani, akaulizia watoto, mbuzi, na mguu uliokuwa ukimsumbua. Mzee alijibu yote kwa raha. Kisha binti akainuka, akafungua gunia, akachukua punje moja, akaiuma. Akafungua gunia la pili na la tatu. Akarudi, akapiga magoti tena pale pale.

"Baba, kahawa hii haijakauka. Haiwezi kuingia ghalani."

"Namna gani, haiwezi?"

"Ikiingia hivi itaozesha ya wengine. Irudi kwenye mikeka, baba, ikauke. Nitaituma gari yangu iibebe, usilipe kitu."

"Weye mutoto, unajua mi nani?"

"Wewe ni baba yangu na ni mwenyekiti wangu."

"Sasa kahawa ya mwenyekiti inarudishwa kama ya mwizi? Mbele ya watu?"

"Ndiyo maana nimekuomba nikiwa chini, baba."

Wapagazi walikuwa wameacha kazi ili wasikilize. Uso wa mzee ulijaa maneno, lakini mtu mzima wa kwetu hawezi kumfokea mwanamke aliyempigia magoti. Aibu ingekuwa yake. Akatazama huku na huku kutafuta mtu aliyesimama ambaye angeweza kumfokea, na akaniona mimi.

"Na weye, mama! Weye mukubwa ya zamani! Sema kitu, basi!"

Hapo nilikuwa na nafasi yangu. Ningeweza kusema kwamba kiasi hicho cha unyevu kinaweza kuvumiliwa, au kwamba jambo hilo lipelekwe kwenye kikao. Nilichukua punje, nikaiuma. Jino liliingia bila kazi.

"Ni mbichi, mzee," nilisema.

"Aaa! Beko kitu kimoja, hawa wanamuke!" aliwapigia kelele wapagazi, nao wakacheka, na kwa kuwa walicheka naye ilimlazimu acheke kidogo. Magunia yakarudi kwenye gari.

Mwaka uliotangulia mimi pia nilikuwa nimeirudisha kahawa ya mzee huyohuyo, mahali hapohapo. Nilisimama, nikamsomea kanuni. Naye akasimama, tukafokeana hata wachuuzi wakaja kutazama. Magunia yalirudi, lakini ugomvi ulibaki, na tangu siku hiyo kila nilichokipeleka kwenye bodi kilikaa mezani kikisubiri. Sasa nilimtazama binti niliyemzidi umri akitoa hukumu ileile niliyoitoa mimi, sahihi kama yangu, bila kupoteza chochote isipokuwa vumbi kwenye magoti. Blanketi langu la ufafanuzi lilichanika pale. Wajumbe wa bodi hawakumpata yule mwanamke wa chini waliyemtaka. Na wivu ambao nilidhani ungepungua nikimwona akishinda, ulizidi. Angekosea ningemsamehe mchana huohuo.

Tukirudi Kasese aliendesha gari yeye mwenyewe. Karibu na Kikorongo tulisimama kuwapisha tembo waliokuwa wakivuka barabara bila haraka yoyote, na hapo nilimuuliza kwa sauti ambayo nilitaka iwe ya mlezi.

"Huoni kama unajishusha?"

"Magoti yanauma, mama," alisema. "Hasa saruji ya pale Bwera. Nimeanza kuvaa soksi nzito ndani."

"Sikuulizi habari za soksi."

"Najua." Alimtazama ndama wa tembo akimfuata mama yake. "Mzee akiniona chini anadhani mambo yamekwisha, basi hajiandai kubishana. Wewe ukisimama anajiandaa. Mimi nisingeweza kusimama kama wewe. Ningelia."

Nilikuwa natafuta dharau katika maneno yake na sikuipata. Gari lilipoanza tena kutembea alisema, kama mtu anayehamisha mazungumzo, kwamba mkuu wa maghala na usafirishaji anastaafu mwezi wa sita, na kwamba mwenyekiti amekwisha kumtajia jina la mpwa wake.

"Nani mwingine ameomba?"

"Hakuna. Kazi ya malori, mama, wapagazi, mpakani. Nani ataomba?"

Wiki moja hivi baadaye mwenyekiti alikuja nyumbani kwangu Kasese, Jumapili baada ya ibada, akiwa na jogoo kwapani. Nilimkaribisha, nikapokea jogoo, nikamletea chai. Alizungumza kuhusu mvua. Kisha akafika.

"Bodi itakaa nyuma ya Pasaka. Ule mutoto iko bado kwa majaribio, hatujamupa kiti kabisa. Tunataka barua yako, weye uliyekaa naye. Sema tu kweli: uzoefu hana, wakulima banalalamika. Tukisoma hiyo, kiti inarudi kwako."

"Wakulima gani wanalalamika, mzee?"

"Mimi si mukulima?"

"Na mimi mtanithibitisha, au nitakaimu tena?"

Alikunywa chai. "Weye tunakujua," akasema.

Sitajifanya kwamba sikutaka. Nilitaka kwa mwili mzima. Kwa siku kadhaa niliiandika barua hiyo kichwani nikiwa napika, nikiwa kanisani, nikiwa kazini mita chache kutoka mlango wake. Sentensi zilikuja zenyewe, laini, zenye heshima, kila moja ikiwa na sumu ya kipimo cha kijiko cha chai. Nilijua kuandika, ndiyo kazi iliyonifikisha pale.

Kilichonizuia hakikuwa wema. Siku moja, nikitafuta neno la kumpunguzia, nilijiuliza kama niliwahi kumtafutia neno kama hilo yule meneja mkuu wa zamani, mtu aliyelala ofisini kila mchana, mdomo wazi, huku nikisaini badala yake. Sikuwahi. Nilimlalamikia, nilimcheka, lakini kumwonea wivu, hata siku moja. Wala yule wa maghala, aliyekuwa na mshahara sawa na wangu, gari la kazi, na darasa la saba. Wala mhasibu mkuu. Niliwahesabu kama milima. Mtu hauonei wivu mlima kwa kukalia bonde. Wivu wangu wote, kiasi ambacho kingetosha kwa jengo zima, niliuweka kwa mtu mmoja, kwa sababu alikuwa amekalia kile nilichoamini ndicho kiti chetu, kimoja, cha wanawake, na wengine wote nilikuwa nimewaachia viti vyao bila hata kuombwa.

Nilikumbuka meza yetu ya Nairobi. Katika siku zote za semina tulizungumza juu ya sheria, elimu, likizo ya uzazi na waume. Hakuna hata mmoja wetu aliyetaja wivu. Labda kila mmoja alikuwa na wake nyumbani, mwanamke fulani mdogo au mkubwa kuliko yeye, ambaye jina lake asingelitamka mbele ya wageni.

Hayo hayakuuondoa wivu wangu. Siku niliyoandika barua alikuwa amevaa blauzi mpya na nilitamani imwagikiwe chai. Lakini niliiandika, nikaipeleka mwenyewe Bwera, nikamkabidhi mwenyekiti mkononi, nikiwa nimesimama. Hii hapa.

Kasese, 14 Aprili 2014

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa bodi,

Mliniomba nieleze kama meneja mkuu aliye katika kipindi cha majaribio anafaa. Anafaa. Nimemtazama kwa karibu kuliko mtu yeyote kati yenu, na nilikuwa nikitafuta sababu ya kusema kwamba hafai. Nilikuwa na nia ya kuipata na sikuipata. Kahawa iliyorudishwa kule Bwera ilikuwa mbichi; niliiuma mwenyewe. Nashauri athibitishwe bila kucheleweshwa.

Niliulizwa pia, kwa mdomo, kama ningekubali kuchukua nafasi yake. Ningekubali, na kwa furaha. Kwa sababu hiyo naomba jambo hilo nisiulizwe tena, na yeyote mwingine mwenye matumaini kama yangu asiulizwe maoni juu yake.

Ninaomba kazi ya mkuu wa maghala na usafirishaji, itakayokuwa wazi mwezi wa sita. Najua haijawahi kushikwa na mwanamke na kwamba kuna jina limekwisha kutajwa. Nimewasimamia madereva na wapagazi wote nilipokuwa kaimu, na wanaojua kusoma kati yao wanaweza kuulizwa kwa maandishi. Vyeti vyangu mnavyo. Msimpe mtu kazi hiyo kabla ya kutuhoji sote wawili siku moja, kwa maswali yaleyale.

Katika jopo la mahojiano naomba meneja mkuu awepo. Atanihoji kwa ukali, maana anaijua kazi hiyo na ananijua mimi. Ningekuwa mahali pake ningefanya hivyo hivyo.

Naibu meneja.